Kutega Tipapu na Kuchagua Chambo cha Wolai Kwenye Barafu

Maziwa yakishaganda huko Minnesota, Wisconsin, Dakota Kaskazini na Manitoba, samaki anayetafutwa kuliko wote ni wolai. Kwenye vibao vya maduka na vitabu vya kanuni utamkuta ameandikwa walleye. Jina lake la kisayansi ni Sander vitreus, na tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Nyama yake ni nyeupe, haina shombo kali, miiba yake ni michache, na akikaangwa kwa ndimu na kitunguu saumu, mtu aliyelelewa kwa sangara hatalalamika.

Wengi wetu tulioko huku tumewahi kuvua kwa mshipi wa mkono, iwe ziwani Victoria, Tanganyika au pwani. Tipapu si kitu kigeni sana basi. Ni mshipi wa mkono uliofungwa kwenye kiunzi kinacholazwa juu ya tundu la barafu. Gurudumu la mshipi hukaa chini ya maji lisigande, na juu kuna bendera iliyokunjwa kwenye waya wa chuma. Samaki akibeba chambo, gurudumu linazunguka, kishikizo kinafyatuka, bendera inasimama. Kuanzia hapo ni wewe, mshipi na vidole vyako.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: wolai huonja. Hamezi kwa pupa kama paiki (pike), samaki mwindaji mwenye meno makali wa maziwa haya haya. Hukisogelea chambo, hukivuta mdomoni pamoja na maji, na akihisi kitu kinamvuta upande wa pili, hukitema. Ndiyo maana utaona bendera imesimama, unafika, na hakuna kitu. Kila hatua ya kutega iliyoelezwa hapa chini ina lengo moja, kuondoa uzito ambao samaki anaweza kuuhisi.

Hatua ya 1: Leseni, kanuni na barafu yenyewe

Minnesota, mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea anahitaji leseni. Wakati wa barafu kila mvuvi anaruhusiwa mishipi miwili, na ni lazima uwe ndani ya futi 200, yaani kama mita 60, kutoka kwenye tipapu yako. Wisconsin wanaruhusu mishipi mitatu. Idadi ya samaki na urefu unaoruhusiwa hutofautiana ziwa kwa ziwa. Mille Lacs na Upper Red Lake, kwa mfano, yana kanuni zake. Soma kanuni za ziwa unalokwenda msimu huo huo, usitegemee za mwaka jana. Fahamu pia kwamba kwenye maziwa mengi ya ndani ya Minnesota msimu wa wolai hufungwa mwishoni mwa Februari, hata barafu ikiwa bado nene.

Kama bado unasitasita, kuna wikiendi moja ya Januari ambapo mkazi wa Minnesota akimpeleka mtoto wa miaka 15 au chini kuvua kwenye barafu, hahitaji leseni siku hizo. Ni njia nzuri ya kuanza na familia.

Barafu angavu, ngumu, inatakiwa iwe na unene wa inchi 4, sentimita 10, ndipo utembee juu yake. Barafu nyeupe yenye mapovu na theluji ndani ni dhaifu, hivyo unene huo uongeze mara mbili. Usipime mara moja ufukweni ukaridhika. Tembea na mtaimbo, ugonge mbele yako kadiri unavyosonga, na utoboe tundu la kupimia kila baada ya hatua kadhaa. Kaa mbali na midomo ya mito, mikondo na mahali penye madaraja. Vaa jaketi la kuokolea chini ya koti au juu yake, na uning'inize shingoni misumari miwili yenye mipini ya kujivutia iwapo barafu itavunjika. Usiende peke yako.

Hatua ya 2: Kuchagua tipapu

Aina ni nyingi lakini tatu zinatosha kuzijua. Ya kwanza ni ya mbao au plastiki, yenye umbo la msalaba au ubao mmoja. Ni rahisi kubeba na bei yake ni nafuu, ila tundu linabaki wazi na linaganda haraka. Ya pili ni ya duara, kama sahani nene yenye povu ndani, inayofunika tundu lote. Hii inazuia baridi na mwanga, na siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri itakuokoa na kazi ya kuvunja barafu kila dakika. Ya tatu ina ubati unaopokea upepo na kuchezesha chambo juu chini.

Kwa anayeanza ningesema nunua za duara. Ya upepo ni nzuri kwa chambo kilichokufa, lakini siku ya upepo mkali inachezesha chambo kupita kiasi.

Chochote utakachonunua, kichunguze kishikizo. Kwenye tipapu nyingi, ile fimbo nyembamba ya juu inayoshika waya wa bendera ina pande mbili: mmoja laini, mwingine una mfuo. Bendera ikishikwa kwenye mfuo, inahitaji nguvu nyingi kufyatuka, na hiyo ni kwa ajili ya paiki na chambo kikubwa. Ikishikwa upande laini, mguso mdogo unatosha. Kwa wolai tumia upande laini karibu siku zote. Kisha zungusha gurudumu kwa kidole kimoja: likikwamakwama, lisafishe na ulitie grisi ya baridi. Mafuta ya kawaida huwa mazito kwenye baridi, na gurudumu zito ndilo linalomfanya samaki ateme.

Hatua ya 3: Kufunga mshipi, nyumbani, mezani

Kazi hii ifanye jioni moja kabla ya safari, ndani ya nyumba yenye joto. Kufunga fundo dogo kwa vidole vilivyokufa ganzi ni mateso, na fundo bovu ndilo linaloachia samaki mkubwa.

Anza na mshipi mkuu. Tumia dakroni iliyosukwa, ya nguvu ya pauni 20 hadi 30, kama mita 30 kwa kila gurudumu. Mshipi huu ni mnene si kwa sababu ya uzito wa wolai, bali kwa sababu ya mikono yako. Utauvuta ukiwa umelowa, na mshipi mwembamba hukata ngozi na hufungana mafundo juu ya theluji.

Mwisho wa dakroni funga kipete kidogo cha chuma kinachozunguka, kile kinachozuia mshipi kujisokota. Kidagaa hai huzunguka saa nzima. Bila kipete hicho utavuta kamba iliyojiviringa.

Kutoka kwenye kipete, funga kiongozi, yaani kipande cha mwisho cha mshipi, cha florokaboni, uzi ambao samaki hauoni kwa urahisi. Hapa ndipo pa kuangalia maji. Kwenye maji angavu kama ya Mille Lacs, ambayo yamezidi kuwa meupe tangu kome wa pundamilia, kome wadogo wavamizi wanaochuja maji, walipogunduliwa humo 2005, tumia florokaboni ya pauni 6 hadi 8, ndefu kama mita 1.2. Kwenye maji yenye rangi ya chai kama ya Lake of the Woods au Upper Red Lake, pauni 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Ziwa likiwa na paiki wengi watakukatia, maana meno yao ni kama wembe. Ukikatwa mara kwa mara, panda hadi florokaboni ya pauni 15 au 20 kabla ya kufikiria waya, kwa sababu waya huua uhai wa kidagaa na wolai huuona.

Mwisho wa kiongozi funga ndoana. Kuna wanaoapa kwa ndoana ndogo ya makucha matatu, namba 8 au 6. Hushika vizuri, lakini huumiza samaki anayepaswa kurudishwa. Mimi napendelea ndoana moja yenye shingo fupi na mdomo mpana, namba 6 kwa kidagaa kidogo na namba 4 kwa kikubwa. Ni nyepesi, kidagaa anaogelea nayo muda mrefu, na kuitoa ni kazi ya sekunde. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Florokaboni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika.

Sentimita 30 hadi 45 juu ya ndoana, bana punje moja ndogo ya uzito. Punje hiyo kazi yake ni kumzuia kidagaa asipande juu, basi. Ukiweka chubwi kubwa umerudisha ule uzito tunaoukimbia. Nunua za bati badala ya madini ya risasi, kwa kuwa ndege wa majini aitwaye luni, fahari ya maziwa haya, hufa kwa sumu ya risasi akizimeza.

Kwenye maji yenye rangi unaweza kuongeza ushanga mmoja juu ya ndoana, mwekundu, wa chungwa au wa dhahabu, au kibati kidogo kinachong'aa. Kwenye maji angavu acha ndoana tupu.

Hatua ya 4: Mahali na saa

Macho ya wolai yana tabaka la nyuma linalorudisha mwanga, ndiyo sababu yanawaka ukiyamulika kwa tochi. Anaona vizuri gizani kuliko samaki anaowala, na faida hiyo huitumia alfajiri na magharibi. Kwa hiyo tipapu ziwe zimeshategwa saa moja kabla ya jua kuzama. Ukianza kutoboa matundu jua likiwa limeshagusa miti, unawafukuza wakati huohuo wanapoingia.

Barafu ya kwanza, mwezi wa Desemba, tafuta ukingo wa majani ya majini yaliyobaki mabichi na ncha za nchi kavu zinazoingia ziwani, kwenye kina cha mita 2.5 hadi 5. Januari na mwanzo wa Februari huhamia kwenye vilima vya chini ya maji na kingo za matope, mita 6 hadi 9 au zaidi. Mwisho wa msimu, mahali ambapo bado unaruhusiwa, huanza kusogea kuelekea midomo ya mito watakamotaga, na huko ndiko barafu ilikodhoofika. Samaki yeyote hana thamani ya kukupeleka hapo.

Tega kwa mteremko. Mkiwa watu watatu mna mishipi sita: ya kwanza juu ya mteremko, ya mwisho chini, nyingine katikati. Bendera mbili zikisimama kwenye kina kimoja, hamisha zilizobaki ziende hapo. Toboa matundu yote kwa mpigo mmoja kwa keekee ya inchi 8, kisha uondoe vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu. Usiache kelele ziendelee.

Hatua ya 5: Kupima kina

Bana uzito wa kupimia kwenye ndoana, ushushe mpaka mshipi ulegee. Vuta taratibu hadi ukaze: hapo uzito umegusa chini na mshipi umenyooka. Sasa pandisha sentimita 30, na uweke alama kwenye mshipi pale unapotoka kwenye gurudumu. Kifungo kidogo cha shati kilichopitishwa mara mbili kwenye mshipi kinafaa sana, maana kinasogezeka na kinaonekana hata gizani kwa kupapasa. Rudisha mshipi juu, toa uzito, tia chambo, shusha hadi kwenye alama.

Sentimita 30 ni kipimo cha kuanzia. Wolai akiwa karibu na sakafu ya ziwa hutazama juu zaidi kuliko chini, kwa hiyo chambo kilicho juu yake kidogo anakiona na kilicho chini yake anakipita. Magharibi wakichangamka, pandisha tipapu moja hadi sentimita 60 au 90. Kwenye matope laini usikae chini ya sentimita 30 kamwe, kidagaa atajificha.

Hatua ya 6: Chambo

Madukani utakuta makundi matatu ya vidagaa. Fathedi ni mfupi, mweusi, mgumu kufa. Urefu wake ni sentimita 5 hadi 7. Shaina anang'aa kama fedha au dhahabu, mrefu kidogo, laini, hufa upesi akishikwa vibaya. Saka ana mwili wa silinda, nguvu nyingi, na huuzwa kwa saizi mbalimbali kuanzia sentimita 7.

Kwa wolai, shaina ndiye anayevutia kuliko wote, na mng'ao wake ndio sababu. Barafu ya kwanza, samaki wakiwa na njaa, shaina wa sentimita 8 hadi 10 anastahili bei yake. Katikati ya msimu, samaki wanapokuwa wavivu wa kula, punguza ukubwa. Fathedi wa sentimita 5 au 6 kwenye ndoana namba 8 ataonjwa na wolai ambaye asingemgeuzia shaina mkubwa hata jicho. Saka naye ni wa kutega usiku kucha, au kwa anayetaka samaki mmoja mkubwa na yuko tayari kukutana na paiki.

Tega vidagaa wa aina mbili tofauti mwanzoni. Bendera zitakuambia jibu kabla ya saa kupita, na hapo ubadilishe zote.

Usidharau shaina aliyegandishwa. Lake of the Woods, mpakani mwa Minnesota na Kanada, shaina wa barafu wanatumika sana na wanashika. Chambo kilichokufa kinataka kuchezeshwa, kwa hiyo kiweke kwenye tipapu ya upepo au uende ukiinue mshipi kidogo mara moja moja.

Kuchoma ndoana kuna namna yake. Kidagaa hai mshike kwa mkono uliolowa, pitisha ncha chini kidogo ya pezi la mgongoni, juu ya uti wa mgongo. Ukigusa uti amekufa au amepooza. Ndoana isizame ndani. Ipite kwenye ngozi na nyama kidogo tu, ncha na kijino vibaki wazi upande wa pili. Ukiielekeza ncha nyuma, upande wa mkia, kidagaa ataogelea kwa kuinama chini, akitaka kukimbia, na kutaka kukimbia huko ndiko kunakomwita wolai. Kwenye mkondo, choma kupitia midomo yote miwili ili aelekee kwenye maji yanayokuja. Mtazame dakika moja ndani ya tundu kabla ya kumshusha: akilala ubavu, mbadilishe.

Vidagaa wawe kwenye ndoo yenye povu au jokofu dogo la mkononi, na pampu ya hewa kama unayo. Wasipate joto la gari ghafla, wala maji ya bomba yenye klorini. Minnesota hairuhusu kuondoka ziwani ukiwa umebeba maji yake, hivyo kama unataka kubaki nao, njoo na maji ya chupa ya kubadilishia. Na usivuke mpaka wa jimbo au nchi na vidagaa hai. Wanunue karibu na ziwa unalovua.

Hatua ya 7: Bendera ikisimama

Tembea haraka, usikimbie. Miguu inasikika chini ya barafu, na kwenye maji mafupi samaki ataachia. Piga magoti. Tazama gurudumu kabla ya kugusa chochote.

Likizunguka taratibu, toa tipapu nje kwa upole, uilaze kando kwa namna ambayo gurudumu bado linaweza kuzunguka, na uache mshipi upite katikati ya vidole viwili. Ukihisi uzito hai, vuta kwa mkono mmoja, mvuto mrefu na thabiti. Kupiga kwa nguvu kama unachapa fimbo kunapasua mdomo au kunakata florokaboni. Likiwa limesimama, kusanya mshipi uliolegea polepole mpaka uhisi kitu, ndipo uvute. Usisubiri dakika nyingi ukidhani anameza. Kwa kidagaa mdogo, akimeza atakuwa ameshika ndoana tumboni, na samaki wa saizi isiyoruhusiwa akirudishwa hivyo hufa.

Vuta mkono kwa mkono, mshipi ukianguka pembeni juu ya barafu safi na si kwenye theluji. Akitaka kukimbia, mwachie ateleze katikati ya vidole. Kipete kikionekana, samaki yuko chini ya tundu na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mvuvi anasita na mshipi unalegea. Mgeuze kichwa kiingie tunduni, kisha mvute moja kwa moja bila kusimama. Usiingize vidole kwenye mashavu yake. Vifuniko vya mashavu vina makali, na mdomo una meno.

Wa kurudishwa arudishwe mara moja. Kwenye baridi kali macho na mashavu huganda haraka, kwa hiyo picha ipigwe akiwa ameshikwa juu ya tundu, au isipigwe. Na samaki aliyetolewa kwenye kina cha zaidi ya mita 9 mara nyingi kibofu chake cha hewa huwa kimevimba na hawezi kushuka tena. Ziwa likiwa na masharti makali ya urefu, vua kwenye kina kifupi zaidi.

Hatua ya 8: Kufunga kazi

Vidagaa waliobaki hawamwagwi ziwani wala tunduni. Watie kwenye mfuko, waende kwenye pipa la taka, na maji ya ndoo yamwagwe hapohapo juu ya theluji kabla ya kupanda gari. Ukifika nyumbani fungua tipapu zote na utoe mshipi nje ya gurudumu ukauke usiku mzima, maana ndoana zikihifadhiwa na mshipi uliolowa hushika kutu. Sentimita kumi za mwisho za florokaboni, karibu na ndoana, zipitishe katikati ya kucha mbili. Ukihisi mkwaruzo, kata ufunge upya.